Mashuka Meupe, Pamba Nyekundu

Mashuka yalikuwa kumi na mawili, meupe yote, mali ya nyumba moja ya wageni pale Riruta Satellite. Pamba iliyotoka kwenye kichujio cha draya ilikuwa nyekundu.

Filister aliishika kwa vidole viwili akaitazama. Yeyote aliyewahi kuendesha mashine ya kukausha nguo anaijua pamba hiyo, yale manyoya laini yanayong'oka nguoni na kunasa kwenye wavu mdogo ulio mlangoni mwa pipa. Ukikausha suruali za jinzi utapata ya samawati, ukikausha mablanketi utapata ya kijivu, na mashuka meupe hutoa nyeupe. Hii ilikuwa nyekundu kabisa, ina joto kuliko nguo zenyewe, na ilinuka nywele zilizoungua.

"Nani ameniwekea nguo yake humu?" akauliza kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Ndivyo alivyoumbwa. Wengine wakiona ajabu huogopa kwanza. Filister alikasirika kwanza, na hofu ikija ilimkuta ameshapandisha sauti. Watu walimwambia hasira ni hasara, naye aliwajibu kwamba aliyenyamaza kwenye foleni ya mtungi hapati maji. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefua kwa mikono katika nyumba za watu, akitoka mtaa wa mabanda wa Soweto East kabla jua halijachomoza, akiinamia mabeseni mpaka vidole vikakataa kunyooka. Sasa alikuwa na chumba chake cha kazi upande wa Kawangware, chini ya jengo la mzee Muiruri, na ndani yake mashine ya kufua aliyoinunua mwenyewe na draya aliyoikuta humo. Ikifa draya, angerudi kwenye mabeseni, na mgongo wake ulikuwa umeshamwambia wazi kwamba safari hiyo hauendi.

"Dobi aliyekuwa hapa alirudi kwao Kitui," Muiruri alimwambia siku ya kumkabidhi ufunguo. "Hiyo draya tumia tu. Kitu kimoja, usiisongeze kutoka kwa ukuta. Nyuma kuna waya za stima."

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Nairobi hufunikwa na wingu, na nguo ikikaa kambani siku tatu inaanza kunuka. Kila mtu alileta nguo. Filister aliitunza ile draya kama mtoto mchanga. Alisafisha kichujio baada ya kila mzunguko, alifuta zile pau mbili za chuma ndani ya pipa zinazohisi unyevu, hakujaza nguo kupita nusu. Hata hivyo shati lililopaswa kukauka kwa mzunguko mmoja lilitaka mitatu, na likitoka lilikuwa na uvuguvugu wa unyevunyevu, kama nguo aliyoivua mtu sasa hivi.

Siku ya pili ikaanza kugonga. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Filister alidhani ni kifungo au sarafu iliyosahaulika mfukoni, akaizima mashine. Pipa lilizunguka polepole likatulia. Kugonga hakukutulia. Akainama, akaweka sikio kwenye bati la draya, na akagundua kwamba sauti haitoki ndani ya pipa, inatoka nyuma yake, ukutani, chini kidogo, pale ambapo mtu aliyepiga magoti angeweza kufikisha mkono.

Saa ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi.

Alitoka akavuka barabara hadi kwa Wakarima, bibi aliyekaranga viazi chini ya mwavuli mkabala na jengo.

"Shosho, nani anagonga huko nyuma kwangu?"

Wakarima hakuinua macho kwenye karai. "Ni mafundi."

"Mafundi gani? Huko nyuma si kuna kale kachumba katupu?"

"Ni mafundi," bibi akarudia, na kisu kikamponyoka mkononi.

Filister alizunguka nyuma. Katika kichochoro kulikuwa na safu ya vyumba vipya, na kile kilichogusana na ukuta wake kilikuwa wazi, hakina mtu wala kitanda. Jirani alimwambia kwamba hakijawahi kukaliwa mwezi ukaisha. Wote walihama wakisema hawalali.

Siku ya tatu, saa tisa, alikuwa akikausha sweta za watoto wa shule. Akatazama kioo cha mlango wa draya kilivyojaa ukungu, akiwaza kwamba ukungu huo haufai, kwamba hewa yenye maji inapaswa kutoka nje kwa bomba, na alipokuwa akiwaza hivyo, kiganja cha mkono kikajichora kwenye kioo, vidole vitano vyembamba, kikashuka polepole kikifuta ukungu, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila sweta zinazozunguka. Kilijichora upande wa ndani.

Filister alirudi nyuma mpaka akagonga meza. Kisha akaokota ndoo ya plastiki akaipiga nayo ile draya kwa nguvu zote, akiitukana kwa Kijaluo, mama yake na nyanya yake, mpaka ndoo ikapasuka. Ndipo akakaa chini.

Asubuhi alimpigia simu Murunga, fundi wa mashine mwenye kibanda ukingoni mwa Soko la Toi. Murunga alifika na begi lake kabla ya adhuhuri, mtu mpole, mwenye tabia ya kuzisemesha mashine.

"Sasa Filister. Mgonjwa anaumwa wapi?"

"Anakausha kama anaonewa. Na anagonga."

"Kugonga ni mkanda ama magurudumu. Kutokausha ni hewa. Draya ni kama mtu, lazima apumue nje." Akatazama rundo la nguo mezani. "Hizi ovaroli ni za gereji? Usiziweke humu, hata ukizifua mara tatu. Mafuta hayatoki yote, na mafuta yakipashwa moto ndani ya kitambaa yanajiwasha yenyewe. Hata ukiwa umezima."

Alifungua bati la nyuma kwa kupenyeza mkono pembeni, akapima mkanda, akazungusha magurudumu, akagusa hita kwa kipimo chake cha stima. Vyote vilikuwa vizima. Halafu akainamisha kichwa karibu zaidi na waya.

"Filister, kuja uone. Hapa inakaa fyuzi ya joto. Joto likizidi, fyuzi inakata, mashine inazima, unabaki mzima. Mtu ameitoa akaunganisha waya moja kwa moja. Huyu hakukosea. Alifanya akijua." Akakwaruza rangi nyeupe ya bati kwa bisibisi. Chini ya rangi palikuwa na masizi. "Hii ilishaungua."

"Mwenye ploti alisema isisongezwe."

"Mwenye ploti si fundi," alisema Murunga. Wakaishika wote wawili, wakaiburuta hadi katikati ya chumba, karibu na mlango wa barabarani.

Hakukuwa na waya wowote wa stima. Kulikuwa na mlango. Yaani palipokuwa na mlango, kwa maana fremu ilionekana bado, na ndani ya fremu mawe yaliyopangwa kwa haraka na plasta juu yake. Karibu na sakafu lilichomoza bomba la bati la kutolea hewa, likiingia kwenye tundu lililozibwa kwa simiti. Murunga alilichomoa, na likatapika pamba nyekundu, ikamwagika na kumwagika mpaka ikafunika viatu vyake, na ndani ya pamba mlikuwa na vifungo vitatu na nywele ndefu zilizosukwa. Juu kidogo ya bomba, kwenye plasta, kulikuwa na mikwaruzo. Minne minne, ikienda chini.

Filister aligeukia mlango wa barabarani. Alitoka, akamshika Wakarima mkono, akamvusha barabara na aproni yake ya unga, akamsimamisha mbele ya ukuta.

"Sasa niambie ni mafundi."

Bibi alianza kulia bila sauti. "Aliitwa Wayua," alinong'ona. "Mkamba, msichana mzuri, alikuwa na sweta nyekundu hakuwahi kuvua baridi ikianza. Draya ilikuwa hapo mbele, hapo mmeiweka sasa, na hilo bomba lilikuwa refu, linaenda mpaka nyuma. Ikipata joto sana ilikuwa inazima, akamwambia Muiruri, Muiruri akaleta mtu akaunganisha waya. Halafu akataka kuongeza vyumba huko nyuma. Jumapili, Wayua akiwa kanisa, wakaziba mlango na hilo tundu. Jumatatu alikuja akapiga kelele, lakini kazi ni kazi, akawasha. Saa tisa moshi ukatoka. Moto ulikuwa kati yake na barabara. Akakimbia nyuma."

"Kwa ukuta," alisema Murunga.

"Miguu ilikuwa imezoea mlango. Alikuwa ametoka na huo mlango miaka minne. Nilimsikia akigonga. Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Nikasema ni mafundi wanamalizia. Nikaendelea kumenya viazi zangu."

Filister aliwahi kukasirika mara nyingi maishani, lakini hasira hii ilikuwa ngeni kwake. Haikuwa na kelele. Ilikaa kifuani, nzito, na ikamfanya aone kila kitu wazi. Yeye pia alikuwa amefanya kazi humu wiki sita, na draya isiyo na fyuzi wala tundu la hewa, na mtu aliyejua alimpa ufunguo akitabasamu. Na yule aliyemgongea kila siku saa tisa hakuwa akimtisha.

Murunga aling'oa waya wa stima wa draya akautia kwenye begi lake. "Nisije nikasikia mtu ameiwasha. Kesho nakuja na fyuzi."

Muiruri alifika jioni ile ile. Alikuwa mzee wa kanisa, nadhifu, kofia kichwani. "Nani amekuruhusu kuisongeza?"

"Wayua," alisema Filister.

Mzee alisimama akiwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kisha akaingia. "Huyo aliuawa na stima. Iliandikwa hivyo."

"Vunja huu ukuta, mzee. Rudisha mlango, toboa tundu la hewa. Hiyo tu. Mimi nitaendelea na kazi yangu."

"Nivunje chumba cha kupangisha kwa sababu ya makelele?"

"Chumba ambacho hakuna mtu analala."

"Nyinyi watu wa ziwa mnapenda sana mambo ya mashetani. Kesho nitaleta maombi hapa, yaishe. Na kama hutaki, ufunguo uko mkononi mwako, niachie."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga, na Muiruri aliyajua hayo maneno kama mtu mwingine yeyote. Lakini kesho yake saa tisa kasoro alirudi amevaa suti, na mkononi taulo jeupe lililokunjwa, limelowa mafuta ya upako mpaka yanadondoka. Lilikuwa limeombewa kanisani usiku kucha. Akafungua mlango wa draya.

Filister alimwona, na maneno ya Murunga yakamrudia yote. "Mzee, mafuta hayaingii humo. Yanashika moto. Fundi amesema."

"Usinifundishe mambo ya Roho. Wewe ni dobi."

"Nimekwambia."

"Toka nje."

Alitoka. Muiruri akalitia taulo ndani ya pipa, akafunga, kisha akauvuta mlango wa chuma wa barabarani na kuubana kwa kufuli kwa ndani, maana hakutaka wapangaji wake wamwone akibishana na mashine. Sauti yake ya kuomba ikasikika, kubwa kwanza, halafu ya kawaida. Murunga alitokea kona ya barabara na begi lake begani. Wakarima alikuwa akipanga viazi. Ilikuwa alasiri ya baridi kama zile nyingine, watu wakipita na majaketi, redio ya kinyozi ikiimba.

Halafu draya ikaanza kunguruma.

"Murunga," alisema Filister polepole, "ule waya uko wapi?"

Murunga alifungua begi. Waya ulikuwa humo, umeviringwa, na ncha zake mbili zimefungwa kwa utepe. Wakatazamana.

Ngurumo ikapanda, ikawa ya mashine iliyojazwa kupita kiasi, na kupitia upenyo wa chini ya mlango ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha ya mafuta, kisha moshi mwembamba ambao haukupanda juu kama moshi mwingine bali ulitambaa sakafuni kama unaotafuta kitu, na sauti ya maombi ikakatika, ikawa kikohozi, ikawa vishindo vya mtu anayeng'ang'ana na kufuli asiloliona, ikawa ukelele mmoja wa ufunguo umeanguka, ufunguo umeanguka, na baada ya hapo viatu vya mtu anayekimbia kuelekea nyuma, kwa kuwa moto ulikuwa kati yake na barabara.

Ko, ko, ko.

Wakarima alijifunika uso na aproni. Filister alisimama. Ni kweli alisimama, na msimulizi hatamficha: alisimama kiasi cha mtu kusema Baba Yetu mpaka nusu, huku moyo ukimwambia ni mafundi, Filister, hao ni mafundi tu, kamenye viazi. Hakumhurumia yule mzee hata kidogo.

Ko, ko, ko. Na hapo ndipo alipousikia mkono wa pili. Wa kwanza ulikuwa mzito, wa mwanamume, unagonga ovyo. Wa pili ulikuwa mwepesi, uliochoka, unagonga mara tatu na kupumzika, kando kabisa ya ule wa kwanza, kama watu wawili waliopiga magoti pamoja.

"Bado yuko hapo," alisema Filister. "Bado anagonga, jamani."

Akakimbilia jengo la jirani lililokuwa likijengwa, akampokonya mwashi nyundo kubwa mikononi, akazunguka kichochoroni na Murunga nyuma yake. Waliingia katika kile chumba kitupu. Ukuta ulikuwa wa moto. Filister aliinua nyundo kwa mikono iliyokamua mablanketi ya watu miaka kumi na mmoja, akapiga. "Si kwa ajili yako!" alimfokea aliyekuwa upande wa pili. "Sivunji kwa ajili yako!" Akapiga tena. Jiwe la tatu likatoka, la nne likaanguka lenyewe, Murunga akayavuta mengine kwa mikono, na tundu likawa la kutosha mtu.

Kilichotoka kwanza hakikuwa Muiruri. Kilikuwa joto, kikampita Filister kwa kasi ya mwanamke aliyechelewa, na sufi ya sweta ikamkwaruza shavuni. Alisikia pumzi moja ndefu sikioni mwake, ya mtu aliyeishikilia kwa muda mrefu mno. Kisha akatoka Muiruri kwa mikono na magoti, hana kofia, akikohoa.

"Kulikuwa na mtu," alisema alipoweza kusema. "Alikuwa amepiga magoti hapo kando yangu. Alikuwa ananisaidia kugonga." Akageuka huku na huku. "Ameenda wapi?"

Walipomwinua, Filister aliona mgongoni mwa ile suti nyeusi, katikati ya mabega, bonge la pamba nyekundu ukubwa wa kiganja. Alikuwa na brashi ya nguo mfukoni mwa aproni yake, hakosi kuwa nayo. Hakuitoa. Alimtazama mzee akitembea nayo mpaka getini kwake.

Mlango wa nyuma ulirudishwa wiki hiyo hiyo, na tundu la hewa juu yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza mara mbili. Murunga alileta draya nyingine kutoka Toi, akaweka bomba fupi lililonyooka na fyuzi mpya, akamwonyesha Filister jinsi ya kulisafisha kila mwisho wa mwezi. Nguo zilikauka kwa mzunguko mmoja. Mashuka meupe yalitoa pamba nyeupe. Saa tisa ilifika na kupita kila siku bila neno, na Wakarima akaanza kuinua tena macho yake kwenye karai.

Mwezi wa Agosti ulipokaribia kwisha alikuja Wainaina, mwana wa Muiruri, na mfuko wa nguo.

"Ni za Baba, shati za kanisa. Anasema hazikauki. Tunaanika, tunapiga pasi, akivaa tu zinaloa hapa mgongoni."

Filister alizitazama. Zilikuwa tano, nyeupe zote. Akazitia kwenye draya mpya, akaiwasha, wakangoja.

"Na mzee mwenyewe yuko aje?"

"Hatoki siku hizi. Tena kwetu kuna kelele, kitu inagonga ukuta ya chumba yake kila mchana. Mathe anasema ni mafundi wa jirani." Akacheka kidogo. "Lakini jirani hajengi."

Mashine ikalia kwamba imemaliza. Filister akachomoa kichujio, akakigeuzia upande ambao kijana hakuona, akaikwangua ile pamba nyekundu kwa kidole, yenye joto bado. Akaitumbukiza mfukoni mwa shati la juu, akazikunja zote tano vizuri, na zilikuwa na unyevu.

"Mwambie baba yako mashine ni nzima," alisema. "Mimi nimeangalia."